Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Nyaya, Habu na Swichi katika Mitandao ya Zamani ya Lamu

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya watu walioachiwa mtandao ambao hawakuufunga wao: mwalimu aliyekabidhiwa ufunguo wa chumba cha kompyuta, karani wa ofisi ndogo ya Langoni, mwenye nyumba ya wageni huko Mkomani ambaye fundi wake wa kwanza alihama zamani na kuacha nyaya zikining'inia. Nimefunga na kutengeneza mitandao katika kisiwa hiki kwa miaka mingi, na maswali yanayofuata ndiyo ninayoulizwa zaidi. Mtandao unaozungumziwa hapa ni Etheneti, yaani njia ya kuunganisha kompyuta za mahali pamoja kwa waya, ambayo mwanzo wake ni kazi ya Robert Metcalfe na David Boggs katika maabara ya Xerox PARC, Marekani, mwaka 1973, kwa kuwa karibu kila mtandao wa zamani ninaoukuta hapa ni wa ukoo huo. Rai yangu ni moja, nami nitairudia palipo na haja: sanduku la kuunganishia kompyuta, liwe habu ya zamani au swichi iliyoirithi, hubadilishwa kwa nusu saa, lakini waya hukaa ukutani miaka ishirini. Kwa hivyo habu iondolewe mapema, na waya utazamwe kwa makini kabla ya kutupwa au kuaminiwa.

Nimekuta waya mweusi wa mviringo unaopita kompyuta hadi kompyuta bila sanduku lolote katikati. Ni mtandao gani huu?

Huo ni 10BASE2, mojawapo ya aina za Etheneti, uliokubaliwa kuwa kiwango mwaka 1985, nao hupitisha megabiti 10 kwa sekunde. Waya wake ni koaksio, yaani waya wenye kiini cha katikati kilichozungukwa na ngao ya metali, ya aina ya RG-58, yenye unene wa kama milimita 5, na nyuma ya kila kompyuta pana kiungo cha chuma chenye umbo la herufi T kinachofungwa kwa kusukuma kisha kuzungusha kidogo. Njia moja ya waya huo, kutoka ncha hadi ncha, haipaswi kuzidi mita 185, wala kubeba zaidi ya vituo (yaani kompyuta) 30, wala vituo viwili kukaribiana chini ya nusu mita. Kila ncha hufungwa kizibo chenye ukinzani wa omu 50, ambacho mafundi hukiita tamineta, na ncha moja tu ndiyo huunganishwa na ardhi.

T sharti ikae moja kwa moja kwenye kadi ya mtandao iliyo nyuma ya kompyuta. Wengi hupenda kuiacha ukutani na kuvuta kipande cha waya hadi mezani kwa ajili ya unadhifu, na kipande hicho huwaharibia ishara wote walio kwenye njia hiyo. Kabla ya 10BASE2 palikuwa na 10BASE5, wenye waya mnene kama kidole, unaofika mita 500 na kubeba vituo 100. Sijapata kuukuta Lamu, kwa hivyo sitaueleza zaidi.

Kwa nini kompyuta moja ikiguswa, mtandao wote wa aina hiyo huzima?

Kwa sababu mtandao wote ni waya mmoja. Ishara husafiri pande zote mbili mpaka ifike kwenye tamineta, na hapo humezwa. Waya ukikatika au kizibo kikilegea, ishara hufika mahali palipo wazi na kurudi, kama wimbi linavyorudi baada ya kupiga ukuta wa gati, na mwangwi huo huchanganyika na ishara za kompyuta nyingine hata kila moja ikadhani kuna mgongano usiokwisha. Kuichomoa T yenyewe kutoka nyuma ya kadi hakudhuru mtu mwingine, maadamu nyaya zake mbili zimebaki zimeshikana nayo. Kinachozima mtandao ni kuutenganisha waya na T.

Kutafuta mahali palipoharibika hakuhitaji kifaa cha ghali. Zima kompyuta zote, chomoa T moja kutoka kwenye kadi huku nyaya zake zikiwa zimefungwa, kisha pima kwa mita ya umeme kati ya pini ya katikati na ganda la nje. Kipimo kiwe omu 25 au zaidi kidogo, kwa sababu tamineta mbili za omu 50 zinaonekana kwa pamoja, na waya wenyewe una ukinzani wake mdogo. Ukiona 50, upande mmoja umekatika. Ukiona kwamba hakuna njia kabisa, pande zote mbili zimekatika. Ukiona karibu na sifuri, kuna mahali ambapo uzi wa ngao umegusa kiini, na mara nyingi ni ndani ya kichwa cha waya kilichofungwa kwa haraka. Baada ya hapo nenda katikati ya njia, upime tena kila upande peke yake, na uendelee kugawa nusu kwa nusu.

Katika ofisi moja nilipima vituo tisa, na vyote vilinipa omu 50. Tamineta ya mwisho ilikuwa nyuma ya kabati, na kwa macho ilikuwa imefungwa barabara. Nilipoifungua na kuigeuza kwenye mwanga wa dirisha, nikaona ukungu wa kijani umeizunguka pini, na punje nyeupe za chumvi zimejaa kwenye mfereji wa ganda. Kwa mwezi mzima wafanyakazi walikuwa wakibebeana faili kwa diski, huku kila mmoja akiamini kwamba kompyuta yake ndiyo mbovu.

Je, waya wa antena ya televisheni unaweza kuunga kipande kilichokatika?

Hapana. Waya wa televisheni ni wa omu 75, na huu ni wa omu 50, ingawa kwa sura wanafanana kama mapacha. Ishara inapovuka kutoka mmoja kwenda mwingine, sehemu yake hurudi ilikotoka. Soma maandishi yaliyopigwa kwenye ganda: RG-58 ndio unaofaa, RG-59 na RG-6 ni wa televisheni, na RG-62, wenye omu 93, ulitumika katika mitandao mingine kabisa. Kipande kifupi cha waya usiofaa huweza kufanya kazi siku ya kwanza, na jambo hilo ndilo linalowapotosha watu.

Niung'oe waya huo wote na kufunga mpya?

Koaksio, ndiyo. Haina njia ya kwenda zaidi ya megabiti 10, kadi zake hazipatikani tena kwa urahisi, na kosa la mtu mmoja ni hasara ya wote. Lakini usiukate kabla ya kuutumia mara ya mwisho. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake ni nene sana, na tundu ambalo fundi wa kwanza alilitoboa kwa taabu tayari limo humo. Fungia waya mpya kwenye ncha ya ule wa zamani kwa utepe, uzungushie utepe huo mpaka uwe mwembamba kama mkia wa samaki pasiwe na bega la kukwama, kisha mtu mmoja avute huku na mwingine asukume polepole upande wa pili. Funga na uzi wa nailoni humo humo, ili atakayekuja baada yako naye apate cha kuvutia.

Pale panapohitaji tundu jipya, hasa kwenye ukuta wa nje, uliza kwanza ofisi ya Makumbusho inayosimamia uhifadhi wa mji. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, na mimi binafsi nisingependa jina langu litajwe na tundu lililopasua nakshi za chokaa au zidaka za ukuta. Mara nyingi ipo njia nyingine: juu, kando ya boriti za dari, ambako waya hulala kivulini na hauonekani na mgeni.

Ikiwa ulichokikuta ni waya wa jozi zilizosokotwa, ulioandikwa Cat 5 au Cat 5e, usiung'oe kabla ya kuupima. Huo bado una kazi.

Habu na swichi zinatofautianaje, wakati kwa nje ni sanduku lile lile?

Habu ni mpiga mbiu. Lolote linaloingia kwenye tundu moja hulitangaza kwenye matundu mengine yote, liwahusu au lisiwahusu, na wakati inatangaza hakuna mwingine awezaye kusema. Swichi ni mjumbe: husoma anwani iliyo juu ya fremu, yaani kifurushi kimoja cha data, hukumbuka ni tundu lipi linaelekea kwa nani, na hupeleka barua kwenye mlango unaohusika tu.

Tofauti hiyo ina matokeo makubwa. Katika habu ya megabiti 10 yenye kompyuta 16, zote 16 zinagawana megabiti hizo 10. Kompyuta mbili zikianza kusema kwa wakati mmoja, hugongana, huacha, na kila moja hungoja muda wa kubahatisha kabla ya kujaribu tena. Zikigongana tena, muda huo hurefushwa. Na baada ya majaribio 16 yasiyofaulu, fremu hutupwa. Mtandao wa watu watatu hauoni shida yoyote. Mtandao wa darasa zima linalofungua faili moja kwenye seva saa mbili na nusu asubuhi huona. Katika swichi, kila tundu lina kasi yake, na kompyuta inaweza kutuma na kupokea kwa pamoja, jambo ambalo habu haiwezi kamwe kwa maumbile yake.

Kuna na jambo la siri za watu. Kwenye habu, kompyuta yoyote iliyowekewa programu ya kusikiliza hupata kila kinachopita. Katika nyumba ya wageni ambamo meza ya mapokezi na kompyuta za wageni zimechomekwa kwenye habu moja, naliona hilo kuwa kosa lisilovumilika.

Nitajuaje kama sanduku nililo nalo ni habu au swichi?

Soma kibandiko cha chini. Kama kimechanika, tazama taa: sanduku lenye taa moja ya mgongano kwa ajili ya matundu yote, tena hakuna alama yoyote ya dupleksi kamili (kutuma na kupokea kwa pamoja), karibu kila mara ni habu.

Ninaweza kuunganisha habu ngapi kwa mfululizo?

Hapa ndipo mitandao mingi ya kisiwani ilipoharibika, kwa sababu kila ofisi ilipoongeza chumba, iliongeza habu moja mwishoni mwa ile iliyotangulia. Kwa megabiti 10, kanuni ya zamani husema vipande vitano vya waya, habu nne kati yake, na vipande vitatu tu kati ya hivyo vitano ndivyo vinavyoruhusiwa kubeba vituo. Kwa waya wa jozi zilizosokotwa, ambao kila kipande kina ncha mbili tu, maana yake kwa ufupi ni kwamba kati ya kompyuta yoyote na nyingine pasiwe na habu zaidi ya nne.

Sababu yake inafaa kufahamika, maana anayeifahamu hahitaji kukariri. Kompyuta inayotuma inapaswa kusikia mgongano kabla haijamaliza kutuma fremu yake. Fremu fupi kuliko zote ina baiti 64, yaani biti 512, na kwa kasi ya megabiti 10 huchukua mikrosekunde 51.2. Katika muda huo ishara iwe imefika kwa kompyuta ya mbali kabisa na habari ya mgongano iwe imerudi. Kila mita ya waya na kila habu hula sehemu ya muda huo. Msururu ukizidi, mtumaji humaliza, huamini kwamba fremu imefika, na kuondoka. Kumbe iligongana mbali na ikapotea. Kadi haiitumi tena. Programu iliyo juu ndiyo hugundua baadaye, baada ya kungoja, na mtu aliye mbele ya kioo huona mtandao unaokwenda, unakwama, kisha unakwenda tena bila sababu.

Kwa habu za megabiti 100, zilizokuja na kiwango cha mwaka 1995, muda umepungua mara kumi, na kanuni imekaza kwa kiasi hicho. Habu ya daraja la kwanza haiungwi na nyingine. Za daraja la pili huweza kuungwa mbili, kwa waya wa mita 5 kati yake, na umbali wote kutoka kompyuta hadi kompyuta usizidi mita 205. Daraja huandikwa kwa tarakimu ya Kirumi ndani ya duara, mbele ya sanduku au kwenye kibandiko.

Swichi ikiwekwa katikati, hesabu hiyo huanza upya pande zote mbili. Kwa hivyo mwenye fedha za swichi moja tu aiweke pale msururu unapogawanyika, na habu zilizobaki zining'inie kwenye swichi, kila moja kwa waya wake, wala isiwepo habu inayoning'inia kwenye habu.

Habu yangu imeandikwa 10/100. Je, hiyo si swichi?

Mara nyingi si swichi kamili. Ndani yake kuna habu mbili, moja ya megabiti 10 na nyingine ya megabiti 100, na kila kompyuta hupelekwa kwenye ile inayolingana na kadi yake. Katika nyingi kuna daraja dogo, yaani kivuko cha ndani kinachounganisha pande hizo, si lile daraja la kwanza au la pili. Ziliuzwa pia ambazo hazikuwa na daraja hilo, na hapo kompyuta ya zamani haiwezi kuiona mpya iliyo kwenye sanduku hilo hilo. Ukikuta printa inayoonekana na nusu ya ofisi tu, anza hapo.

Tundu lililoandikwa "uplink" ni la nini, na kwa nini jirani yake halifanyi kazi?

Kompyuta hutuma kwenye pini 1 na 2, na kupokea kwenye 3 na 6. Habu hufanya kinyume, ndiyo maana waya ulionyooka hutosha kati yake. Habu na habu zikikutana, zote hutumia pini zile zile, na hapo huhitajika waya uliovuka, ambao nyuzi za kutuma za ncha moja huishia kwenye pini za kupokea za ncha nyingine, au tundu hilo maalumu linalovusha kwa ndani. Kwa kawaida tundu hilo na lile la jirani ni tundu moja kwa ndani lenye milango miwili. Ukitumia mmoja, mwingine uache wazi. Swichi za siku hizi hujivusha zenyewe na hazina haja ya haya.

Nimenunua swichi mpya, lakini kunakili faili kumekuwa polepole kuliko zamani. Kosa liko wapi?

Tafuta kwanza kutopatana kwa dupleksi. Kadi na swichi zinapoungana hupatana zenyewe juu ya kasi na juu ya namna ya kuzungumza: kupokezana au kwa pamoja. Iwapo zamani fundi aliifunga kadi kwa mkono iwe kwenye dupleksi kamili, kadi hiyo haishiriki tena katika mapatano. Swichi hutambua kasi tu, na kwa kukosa jibu, kanuni yake huilazimisha kuchagua nusu dupleksi, yaani kupokezana. Sasa upande mmoja husema wakati wowote unaotaka, na upande mwingine huhesabu kila neno hilo kuwa mgongano.

Dalili yake ni ya pekee: jaribio dogo la kuita kompyuta nyingine hufaulu kila mara, kurasa nyepesi hufunguka, lakini faili kubwa hutambaa. Rudisha pande zote mbili kwenye mapatano ya kujiendesha. Ikibidi kufunga kwa mkono, funga pande zote mbili sawa. Kufunga upande mmoja ndiko kosa lenyewe.

Kipima waya kimewasha taa zote nane, lakini mtandao bado ni mbovu. Je, waya waweza kuwa mbaya?

Waweza, na hili ndilo kosa ninaloliona zaidi ya yote. Waya una jozi nne, na kila jozi imesokotwa ili kelele inayouingia uzi mmoja iuingie na mwenzake na kufutika. Ishara inayotumwa lazima ipite katika nyuzi mbili za jozi moja. Plagi ya RJ45, kwa sababu za kihistoria za simu, huweka jozi moja kwenye pini 3 na 6, huku jozi nyingine ikikaa katikati kwenye 4 na 5. Mpangilio unaotumika zaidi, T568B, huenda hivi kuanzia pini ya kwanza: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. T568A hubadilishana nafasi za chungwa na kijani. Wowote unafaa, mradi ncha zote mbili zifanane.

Fundi asiyefundishwa hupanga rangi jinsi zinavyopendeza macho: chungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, buluu, kahawia. Akifanya hivyo pande zote mbili, pini ya kwanza hufika kwa ya kwanza, ya nane kwa ya nane, na kipima chenye taa humsifu. Lakini pini 3 na 6 sasa zimebeba nyuzi za jozi mbili tofauti, na msokoto haulindi chochote. Kwa megabiti 10 na mita chache huenda kila kitu kikaonekana sawa. Kwa megabiti 100 ishara za jozi moja huvujia nyingine, na fremu huanza kupotea.

Katika chumba kimoja cha kompyuta nilikuta plagi 40 zimefungwa hivyo, kwa mkono safi sana, hakuna uzi uliopita kimo. Nilimkalisha kijana aliyezifunga, tukaishika plagi moja dhidi ya mwanga, tukahesabu rangi kupitia plastiki yake. Aliona mwenyewe kabla sijamaliza kuhesabu. Tulizikata zote siku ile ile, na waya ule ule, kwenye swichi ile ile, ukafanya kazi bila kosa. Kipima chenye taa kinathibitisha kwamba nyuzi zimefika; kwamba zimefika na wenzao, ni macho yako ndiyo yatakayothibitisha.

Jambo jingine dogo kwenye plagi: usifumue msokoto zaidi ya milimita 13, na ganda la waya liingie ndani ya plagi ili lishikwe na kibano chake.

Ninunue waya gani, na niogope nini dukani?

Nunua Cat 5e wa shaba tupu. Unatosha kwa gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, yaani mita 90 za waya uliotulia ukutani na 10 za vipande vya kuchomekea ncha mbili. Kiwango cha gigabiti kwenye shaba, cha mwaka 1999, hutumia jozi zote nne, kwa hivyo ule mtindo wa zamani wa kugawa waya mmoja kwa kompyuta mbili uachwe.

Kiogope kile kinachouzwa kwa bei nafuu kikiwa ni alumini iliyopakwa shaba. Boksi la mita 305 la aina hiyo ni jepesi mkononi. Na ukikwangua uzi kwa kisu, chini ya wekundu hutokea weupe. Ukinzani wake ni mkubwa karibu mara moja na nusu kuliko wa shaba, uzi hukatika ukikunjwa mara chache, na kwa hali yetu ya pwani lipo baya zaidi: alumini na metali nyingine zikigusana mbele ya unyevu wenye chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Kwa kuwa boksi lenyewe hununuliwa Mombasa na kuvushwa kwa mashua kutoka Mokowe, gharama ya kulileta mara mbili huzidi kile kilichookolewa kwenye bei.

Chumvi na unyevu hudhuru nini hasa?

Hudhuru viungo kabla ya waya. Chagua plagi ambazo miguso yake imepakwa dhahabu ya mikroni 1.27, wala si ile ya rangi ya dhahabu tu. Usiweke sanduku kwenye ukuta unaoelekea bahari, hasa upande unaopokea upepo wa kusi, wala kwenye ukuta wa matumbawe unaotoa jasho wakati wa masika. Liweke juu ya kibao, mbali kidogo na ukuta, ili hewa ipite. Matundu yasiyotumika yazibwe: vumbi na chumvi huingia humo, na mijusi nao hupenda joto la ndani.

Nina nyumba mbili zilizotenganishwa na kichochoro. Nivushe waya wa shaba?

Zikiwa zimeungana kwa wikio (sehemu ya nyumba iliyojengwa juu ya kichochoro), na umeme wa nyumba zote mbili unatoka kwenye mita moja na ardhi moja, waya wa shaba unaopita ndani ya wikio unakubalika. Zikiwa na ardhi mbili tofauti, sishauri. Radi ikipiga karibu, ardhi ya nyumba moja huweza kuwa na volti nyingi kuliko ya nyingine kwa muda mfupi mno, na waya wako ndio njia fupi kati yake. Etheneti ya jozi zilizosokotwa imewekewa transfoma za kuzuia hadi volti 1,500, lakini radi haiheshimu kiasi hicho. Koaksio haina hata kinga hiyo kwenye ngao yake, na ngao iliyoungwa na ardhi pande zote mbili hupitisha mkondo hata siku ya jua kali.

Hapo tumia nyuzinyuzi za kioo, yaani faiba, na kigeuzi kidogo kila upande. Kwa megabiti 100 hufika kilomita 2, hazipitishi umeme, wala hazijui chumvi.

Kwa nini nisiondoe nyaya zote na kuweka Wi-Fi?

Kwa simu za wageni, iweke. Lakini kuta hizi huimeza ishara; chumba cha pili hupata kidogo, cha tatu hakipati kitu. Utahitaji kifaa kwenye kila sakafu, na kila kifaa kinahitaji waya wa kukilisha. Mtandao mzuri wa hewani ndani ya nyumba ya mawe umejengwa juu ya mtandao mzuri wa nyaya.

Mtandao wote umekufa ghafla na taa zote za swichi zinawaka kwa pamoja bila kupumzika. Ni virusi?

Kabla ya kufikiria virusi, fuata kila waya kwa mkono. Pengine mtu aliyekuwa akifagia ameokota ncha iliyolala chini, na kwa nia njema kabisa akaichomeka kwenye tundu lililo wazi, kumbe ncha ya pili imo kwenye swichi hiyo hiyo. Tangazo moja likiingia kwenye kitanzi hicho huzunguka bila kikomo na kuzaliana. Swichi kubwa zina itifaki ya kukata vitanzi. Zile ndogo za matundu matano au manane kwa kawaida hazina. Andika lebo kwenye ncha zote mbili za kila waya, kwa kalamu isiyofutika na maji, na ncha isiyo na kazi iondolewe kabisa.

Habu niliyoitoa niitupe?

Ibakize moja. Unapotaka kujua kompyuta na printa zinaambiana nini hasa, zichomeke zote mbili kwenye habu pamoja na kompyuta yako yenye programu ya kusikiliza. Habu itakupa nakala ya kila fremu, jambo ambalo swichi ndogo haitakupa. Yangu ni ya matundu manne, ya megabiti 10, nami huibeba kwenye mkoba wa vifaa pamoja na tamineta mbili nilizozipangusa na kuzifungia kwenye mfuko usiopitisha hewa.